BWATO, BARABARA YA KWANZA YA LUALABA

Ukiuliza wanafunzi wetu usafiri ulianza mwaka gani hapa Bukama, wengi watajibu: 1918, treni ilipofika kutoka Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Jibu hilo linasahau mababu. Treni ilikuta watu tayari wako mu bwato.

Bwato njo mtumbwi kwa Kiluba. Ukiwa na mingi, unasema mato. Wazee walichagua mti mkubwa, wakauangusha, wakauchonga kwa shoka na tezo mpaka ukawa na tumbo la kubeba watu na mizigo. Penye maji marefu walipiga kafi. Penye maji mafupi na matete walisukuma kwa mti mrefu, wamesimama.

Ushuhuda uko ndani ya udongo. Mwaka 1957 na 1958, wataalamu walichimba makaburi ya kale kule Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mengine yana miaka zaidi ya elfu moja. Walikuta mapambo ya shaba, hata simbi za bahari ya Hindi. Lakini mu bonde letu la Upemba hakuna shaba, ilitoka kusini. Basi watu hawa walifanya biashara na nchi za mbali. Sisi tulikuwa na samaki wa kukauka, na mu bonde lenye maziwa na matope namna hii, bwato njo miguu ya mfanyabiashara.

Hatuko peke yetu. Mu visiwa vya Karibi, ngʼambo ya Atlantiki, Wataino nao walichimba miti mikubwa wakavuka bahari kutoka kisiwa mpaka kisiwa. Mtumbwi waliuita canoa. Columbus alipofika mwaka 1492 aliusikia, na Wazungu wakachukua neno pamoja na kitu. Neno canot la Kifaransa lilizaliwa humo.

Kisha zilikuja masuwa za moshi. Toka Bukama mpaka Kongolo mto unapitika kilometa zaidi ya 600, njo maana treni ilikabidhi mizigo kwa masuwa hapa kwetu. Lakini masuwa inahitaji mkondo mpana, na bwato linaingia hata mu mifereji midogo. Mu Kisale mafunjo yanashikana, yanakuwa visiwa vinavyoelea. Upepo unavisukuma, na njia ya jana leo imeziba. Kujua pa kupita ni elimu. Haiko mu kitabu cha jeografia, iko paka mu kichwa cha mvuvi.

Hapo njo hatari. Mzee akienda, anaenda na majina ya mifereji yake. Tunafundisha watoto mito ya Ulaya, na huu unaopita nyuma ya masomo hawaujui. Msomaji, kama baba yako au babu yako alikuwa mvuvi, chukua daftari, keti karibu naye, uliza, andika. Usingojee matanga.