Kompyuta inayopozwa kwa maji: Mambo ya kupanga kabla ya kununua vifaa

Kila kompyuta inapofanya kazi hutoa joto. Ile ya kuandikia barua na kuchapa mitihani hutoa joto kidogo, na feni moja huitosha. Lakini kompyuta kubwa ya mezani ya kuhariri video, kuchora majengo au kucheza michezo mizito inaweza kutoa joto sawa na balbu tano za zamani za wati 100 zikiwaka ndani ya kasha moja. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kazi hukwama.

Ndiyo maana wapo wanaoamua kuunda kompyuta inayopozwa kwa maji. Wazo hili si jipya. Mwaka 1980 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta yake kubwa aina ya 3081, iliyopozwa kwa maji. Na kama umewahi kufunua boneti ya gari au trekta, unaijua tayari kanuni yenyewe.

Inafanyaje kazi?

Pampu ndogo husukuma maji kupitia kibao cha chuma kilichobanwa juu ya prosesa. Maji huchukua joto, huenda kwenye rejeta, feni huyapoza, kisha yanarudi kwenye tangi dogo na kuanza safari upya. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Hapo ndipo faida ilipo.

Hata hivyo, mfumo huu si friji. Hauwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi joto 32, maji nayo yatakuwa juu ya 32. Wenye uzoefu hulenga maji yasizidi joto la chumba kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi.

Je, unauhitaji kweli?

Jiulize swali hili kabla ya kutoa pesa. Prosesa ya wati 65 hupozwa vizuri kabisa na feni ya kawaida, na mfumo kamili wa maji hugharimu mara kadhaa ya bei ya feni nzuri. Maji huanza kuwa na maana kwa vifaa vizito. Prosesa ya Intel Core i9-14900K inaweza kufikia wati 253, na kadi ya picha ya RTX 4090 hufikia wati 450.

Piga hesabu ya joto

Jumlisha wati za prosesa na za kadi ya picha. Kisha tumia kipimo hiki cha kukadiria: kila nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwenye rejeta huondoa takriban wati 100 bila kelele nyingi. Kwa hiyo prosesa ya wati 150 pamoja na kadi ya wati 250 ni wati 400. Utahitaji nafasi nne za feni, na ya tano kwa usalama. Hiyo ni rejeta moja ya 360 na nyingine ya 240.

Pima kasha kwa futi ya mkononi

Usidanganywe na jina. Rejeta inayoitwa 360 huwa na urefu wa karibu milimita 400, kwa sababu ina sehemu za maji kwenye ncha zake. Unene nao una hesabu: rejeta ya milimita 30 na feni ya milimita 25 ni milimita 55. Hakikisha pia kibao cha kadi ya picha kimetengenezwa kwa kadi yako hasa, kwani kadi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na mpangilio tofauti ndani. Soma na masharti ya dhamana kabla ya kuifungua kadi.

Usichanganye shaba na alumini

Hili ndilo kosa linaloua mifumo mingi kimyakimya. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yaleyale, alumini huliwa taratibu. Baada ya muda uchafu huziba vijia vyembamba vya kibao, na rejeta inaweza kutoboka. Chagua shaba mwanzo hadi mwisho. Shaba iliyopakwa nikeli haina tatizo.

Maji gani?

Si ya bomba, wala ya kisima. Chumvi inayoganda ndani ya birika lako la chai itaganda humo pia. Tumia maji maalumu ya kupoozea kompyuta, au maji yaliyokenekwa yakiwa na dawa ya kuzuia kutu na kuua vijidudu. Angalizo: dukani maji ya betri na asidi ya betri huweza kukaa rafu moja. Soma lebo. Asidi itakula mfumo wote.

Chora njia kwanza

Chukua karatasi uchore kila mpira utakapopita. Tangi likae juu ya pampu na liilishe moja kwa moja, kwa sababu pampu ikizunguka bila maji huungua. Mpangilio wa vifaa vingine hauna uzito sana: maji yakizunguka lita 3 kwa dakika, joto la wati 400 huyapandisha karibu nyuzi 2 tu. Weka kiungio chenye koki sehemu ya chini kabisa, utakapotolea maji siku ya matengenezo. Kwa mara ya kwanza, mipira laini ni rahisi kuliko mabomba magumu yanayohitaji kukunjwa kwa moto.

Jaribu kabla ya kuwasha

Maji yakimwagika hayazoleki, na tone moja juu ya bodi mama yenye umeme laweza kuunguza kifaa cha bei kubwa. Tandaza karatasi nyeupe za kufutia chini ya kila kiungio. Chomoa nyaya za umeme za bodi mama na kadi ya picha, kisha ipe umeme pampu peke yake. Iache izunguke saa 24. Karatasi zikibaki kavu, endelea. Zikilowa, zima, kaza kiungio, kausha, uanze upya.

Baada ya hapo

Vumbi la kiangazi huziba rejeta haraka, hivyo weka chujio mbele ya feni na ulisafishe mara kwa mara. Badilisha maji kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kama huna nafasi ya kazi hiyo, feni nzuri itakufaa zaidi.