Njia ya Panya ya Mwaka 2003

Sisi tukaao Burumba, mpakani Busia, twajua tofauti ya lango la forodha na njia ya panya. Programu za kompyuta nazo zina malango.

Linux ni programu ambayo mtu yeyote aweza kusoma maandishi yake na kupendekeza marekebisho. Mwaka 2003 hazina yake kuu ilitunzwa kwa BitKeeper, na nakala ikawekwa katika CVS kwa wasiopenda BitKeeper. Marekebisho ya wageni yalikaguliwa, yakaingia hazina kuu, ndipo yakanakiliwa.

Novemba mwaka huo, mtu asiyejulikana aliingia kwa siri penye nakala akatia mistari miwili. Palipostahili alama mbili za usawa aliweka moja, kosa ambalo hata wanafunzi wangu hulifanya bila nia mbaya. Badala ya kuuliza kama mtumiaji ni msimamizi, programu ingalimfanya msimamizi, aitawale kompyuta nzima.

Larry McVoy na wenzake, wenye BitKeeper, walizoea kulinganisha nakala na asili. Wakaona badiliko lisilo na kibali. Hazina kuu haikuguswa.

Mwaka 2005 Linus Torvalds aliandika Git, ambamo kila badiliko hupewa alama itokanayo na maandishi yenyewe pamoja na historia yake. Ukigeuza herufi moja, alama hugeuka.