Aferesisi: kwa nini watafiti wa vimelea huchukua sehemu moja ya damu na kurudisha nyingine?

Mtu anapojitolea damu hospitalini, kwa kawaida hutoa mfuko mmoja wa takriban mililita 450, hunywa soda au chai, kisha huenda zake. Damu inaondoka ikiwa kamili: chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani, na yale maji ya manjano yanayoitwa plazma. Lakini ipo njia nyingine, ambayo mashine huchukua kinachohitajika tu na kuurudishia mwili kilichobaki. Njia hiyo inaitwa aferesisi. Katika makala haya tunaeleza inavyofanya kazi, kwa nini watafiti wa minyoo na malaria wanaihitaji, na mambo ambayo mtu anapaswa kuyajua kabla ya kunyoosha mkono.

Mashine inafanyaje kazi?

Mara nyingi mtu huchomwa sindano mbili, moja katika kila mkono. Damu hutoka upande mmoja, hupita kwenye mipira safi inayotumika mara moja na kutupwa, kisha huingia katika chombo kinachozunguka kwa kasi. Mzunguko huo huitenga damu kwa uzito. Chembe nyekundu, zilizo nzito, huenda nje. Plazma, ambayo ni zaidi ya nusu ya damu yote, hubaki ndani. Katikati hujitokeza utando mwembamba wenye chembe nyeupe na chembe sahani, ambao haufiki asilimia 1 ya damu. Mashine hufyonza tabaka linalotakiwa, na mengine hurudi mwilini kupitia mkono wa pili. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa moja na nusu hadi tatu.

Mashine za aina hii zilianza kupata umbo lake katika miaka ya 1960 nchini Marekani. Mmoja wa walioziunda ni George Judson, mhandisi wa kampuni ya IBM ambaye mwanawe alikuwa na saratani ya damu. Alishirikiana na daktari Emil Freireich wa Taasisi ya Taifa ya Saratani, mjini Bethesda, Maryland. Katika mji huohuo, hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya, maarufu kama NIH, hutumia aferesisi pia katika utafiti wa vimelea. Miongoni mwa wanaojitolea huko ni wahamiaji na wasafiri waliowahi kuishi katika nchi zenye magonjwa haya, na watu wenye afya njema ambao damu yao hutumika kwa kulinganisha.

Kwa nini mrija mmoja wa damu hautoshi?

Kwa kumpima mgonjwa, mrija mmoja unatosha kabisa. Kwa utafiti wa kinga ya mwili mambo ni tofauti. Mililita 10 za damu hutoa takriban chembe milioni 10 hadi 20 za kinga zinazofaa kwa majaribio mengi. Aferesisi moja inaweza kutoa mabilioni kadhaa. Baadhi ya chembe zinazotafutwa ni adimu mno, hivyo katika mrija mmoja huenda zisionekane. Chembe zikiwa nyingi, sehemu hugandishwa kwa baridi kali na kuhifadhiwa, ili swali litakalozuka miaka ijayo lijibiwe kwa damu ileile.

Watafiti wanatafuta nini hasa?

Chukua mfano wa minyoo wanaosababisha matende na mabusha, magonjwa yanayojulikana sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mnyoo mkubwa huishi mwilini kwa miaka kadhaa, huku mamilioni ya vijinyoo wake wakizunguka katika damu, hasa usiku. Mwili ambao ungepaswa kumshambulia mgeni huyo huonekana kumvumilia. Wapo watu wenye vijinyoo wengi katika damu lakini hawana uvimbe wowote, na wapo wengine ambao miguu yao imevimba ilhali vijinyoo hawaonekani. Kuzilinganisha chembe za makundi haya mawili husaidia kueleza ni nini kinachoituliza kinga na nini kinachouumiza mwili.

Plazma nayo ina kazi yake kwa sababu hubeba kingamwili. Mwaka 1961, Sydney Cohen na Ian McGregor walionyesha kwamba kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima wa Gambia, waliokwisha kujenga kinga, zilipunguza vimelea vya malaria kwa watoto wagonjwa.

Aferesisi pia imewahi kutumika kama msaada wa tiba. Kwa watu wenye mnyoo wa jicho, Loa loa, anayepatikana katika misitu ya Afrika ya Kati ikiwamo Kongo, dawa ya ivermectin inaweza kuleta madhara makubwa ya ubongo iwapo vijinyoo ni wengi mno, hasa wakizidi 30,000 katika mililita moja ya damu. Kwa wagonjwa wachache, mashine ilitumika kwanza kupunguza vijinyoo, ndipo dawa ikafuata.

Kuna hatari gani?

Ili damu isigande ndani ya mipira, huchanganywa na sitrati. Dawa hiyo hushika madini ya kalsiamu, hivyo mtu anaweza kuhisi midomo na vidole vikifa ganzi au vikichomachoma. Amweleze muuguzi mara moja, kwani mashine hupunguzwa kasi na mtu hupewa kalsiamu. Wengine hupata kizunguzungu au mkono huvia damu. Kabla ya zoezi, watafiti hupima wingi wa damu na hali ya mishipa, na anayeonekana hafai huambiwa asishiriki.

Nani ananufaika?

Hapa tuseme wazi. Aferesisi ya utafiti si matibabu. Anayelala kitandani kwa saa mbili haondoki akiwa amepona, na mgonjwa ana haki ya kupata dawa yake hata akikataa kuchangia. Vilevile damu hiyo hapewi mgonjwa mwingine. Kazi yake inaishia maabara. Faida, ikija, huenda ikamfikia mjukuu wa mtu kijijini, si yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, tunashauri mtu aulize kwa lugha anayoielewa: Mtachukua nini, na kiasi gani? Itahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Itasafirishwa nje ya nchi? Naweza kujitoa katikati? Matokeo yataturudia? Kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti ndiyo hupaswa kuhakikisha maswali hayo yana majibu. Mtafiti asiyekuwa na muda wa kuyajibu, naye asipewe mkono.