Roboti, Mwizi na Telekomande: Historia Inayotugusa Sisi wa Masisi na Walikale



Kuna mchezo ambao watoto wetu waliuleta kutoka kambi za pembeni ya Goma. Mtoto mmoja anakuwa roboti, anatembea miguu imekakamaa kama mti. Wawili wanakuwa wezi. Wa nne anashika kijiti, na kijiti hicho ndicho telekomande. Akimwelekeza roboti kulia, anakwenda kulia. Akimwambia kamata, anakamata. Lakini muda si mrefu wezi wanaacha kumkimbia roboti, wanamrukia mwenye kijiti. Wakishamnyang'anya, roboti anageuka na kuanza kuwafukuza wale aliokuwa anawalinda. Mwisho ni kilio, na mama mmoja anatoka na mwiko kuwatenganisha.

Nilipoutazama mchezo huo nilijiuliza umetoka wapi. Filamu za simu na vitabu vya katuni, bila shaka. Lakini katuni zenyewe zina historia ya miaka mingi, na historia hiyo inafika mpaka kwenye anga ya Masisi na misitu ya Walikale. Leo niwasimulie.

Neno lililotoka katika kazi ya lazima

Neno roboti lilianza mwaka 1920. Mwandishi Karel Čapek, wa nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia, aliandika mchezo wa kuigiza kuhusu kiwanda kinachotengeneza wafanyakazi wa bandia. Kaka yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa jina la kuwaita. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya lazima, ile ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila malipo.

Hapa kwetu hatuhitaji kamusi kuelewa neno hilo. Wazee walisimuliwa na wazazi wao kazi ya lazima ya wakati wa Mbelgiji. Na vijana wa leo wanajua salongo inakuwaje pale msimamizi anaposimama na bunduki. Katika mchezo wa Čapek, wafanyakazi hao wanafika mahali pa kuasi na kuwamaliza mabwana zao. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, roboti alikuja na swali: anamtumikia nani?

Wezi wanapata mashine

Mwaka 1938, vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimtoa Superman katika kitabu cha katuni. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1941, Superman aliingia kwenye filamu fupi ya katuni ambamo roboti wakubwa wanaruka kama ndege, wanashuka mjini, wanabeba pesa na vito vya thamani, wanaruka tena. Polisi wanapiga risasi, zinagonga chuma na kuanguka. Lakini roboti hao hawana haja ya pesa. Nyuma yao kuna mtu mmoja, amekaa mbali na vyombo vyake, anawaongoza. Mwizi ni yeye. Chuma ni mikono yake mirefu tu.

Mwaka 1954, wachapishaji wa katuni wa Marekani, walioshutumiwa kwamba wanaharibu watoto, walijiwekea sheria. Mhalifu lazima apate adhabu kila mara. Wema lazima ushinde. Polisi na mahakimu wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Kwa hiyo mtoto aliyefungua kitabu cha miaka ile alijua mwisho kabla ya kuanza: jambazi atafungwa. Sisi tuliokulia Kivu tukisoma hadithi za namna hiyo tunabaki na maswali, maana hapa tumeona mhalifu akipewa cheo.

Mwaka 1956 huko Japani, mchoraji Mitsuteru Yokoyama alianza hadithi ya Tetsujin 28, mtu wa chuma mkubwa kama nyumba ya ghorofa. Alitengenezwa kuwa silaha ya vita, lakini vita ilikuwa imekwisha, akabaki mikononi mwa mtoto mmoja anayeitwa Shotaro. Mtu huyo wa chuma hana akili yake mwenyewe. Anafuata telekomande tu. Anayeishika, awe polisi, mtoto au jambazi, ndiye bwana wake. Kwa hiyo wahalifu katika hadithi ile hawajisumbui kupigana na chuma. Wanatafuta telekomande. Watoto wetu wanaocheza na kijiti wanacheza hadithi hiyo, hata kama hawajui jina lake.

Halafu mwaka 1965, Stan Lee na Jack Kirby wa Marekani waliwatoa Sentinels katika kitabu cha 14 cha X-Men. Hao ni roboti wakubwa waliotengenezwa na mtaalamu mmoja, Bolivar Trask, ili kuwasaka watu waliozaliwa na nguvu tofauti na wengine. Tazameni vizuri: hawakutumwa kumsaka aliyeiba au aliyeua. Walitumwa kumsaka mtu kwa sababu ya namna alivyozaliwa. Na mara tu walipowashwa, walimgeukia Trask mwenyewe, wakasema ili kuwalinda wanadamu ni lazima wawatawale.

Mtu wa Masisi akisoma hadithi hiyo hacheki. Tumeona vizuizi barabarani ambako mtu haulizwi amefanya nini. Anaulizwa anaitwa nani, anasema lugha gani, anatoka kijiji gani, uso wake unafanana na wa nani. Kosa linatafutwa ndani ya damu. Kama binadamu mwenye moyo na mama aliyemzaa anafanya hivyo, mashine iliyofundishwa naye itafanya nini?

Mwaka 2013: mashine zinafika Kongo

Tutoke kwenye katuni sasa. Mwaka 2013 mashine za namna mbili ziliingia katika maisha ya Wakongo.

Ya kwanza ilisimama Kinshasa. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, aliyesomea ISTA, pamoja na kundi lake la Women Technology, walitengeneza roboti wa alumini wa kuongoza magari. Urefu wake ulikuwa kama mita 2 na nusu. Aligeuza kifua, aliinua mikono, aliwaambia wenye miguu wavuke, na alipata umeme kutoka jua. Alikuwa na kamera zilizopeleka picha kwa polisi. Machi 2015 wakaongezwa wengine watatu, wakapewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Madereva wengi walimpenda kwa sababu moja rahisi: haombi chai. Afrika ya Kusini watu wanaita taa za barabarani "robot". Kinshasa roboti alipata mikono na macho.

Lakini roboti wa Kinshasa alikuwa na mpaka wake. Hakuwa na miguu ya kumfuata dereva aliyegonga mtu na kukimbia. Aliona, alipeleka picha, kisha alingoja. Mtu akiamka kufanya kazi yake, sheria inafuatwa. Asipoamka, picha inabaki picha.

Mashine ya pili iliruka Goma. Tarehe 3 Desemba 2013, MONUSCO ilizindua droni zake zisizo na silaha, aina ya Falco kutoka Italia, mbele ya Hervé Ladsous aliyekuwa mkuu wa kazi za kulinda amani za Umoja wa Mataifa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia droni za uchunguzi za namna hiyo katika kazi ya kulinda amani. M23 ilikuwa imeshindwa mwezi mmoja kabla, na jicho lile lilitakiwa kufuata makundi mengine yenye silaha, milimani na mporini.

Lilifanya mema pia. Mwezi Mei 2014 mtumbwi ulizama katika ziwa Kivu karibu na Goma. Droni iliyokuwa angani iliona watu majini, habari ikafika chini, mashua zikatumwa, na watu zaidi ya 10 wakaokolewa. Angalieni mpangilio wa jambo hilo: mashine iliona, mtu akasikia, mtu akaenda. Kungekosekana mmoja kati ya hao, wangekufa.

Luvungi, na jicho lililokosekana

Kwa nini Umoja wa Mataifa ulitaka jicho la angani? Sababu ni nyingi, lakini sisi wa hapa hatuwezi kuzitaja bila kutaja Luvungi.

Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka tarehe 2 Agosti 2010, wapiganaji wa makundi kadhaa, pamoja na FDLR na Maï-Maï wa Ntabo Ntaberi Sheka, waliingia Luvungi na vijiji vingine vya barabara ya Kibua na Mpofi, katika Walikale. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wanawake, wanaume na watoto. Walinda amani walikuwa na kambi Kibua, si mbali. Habari kamili iliwafikia siku nyingi baadaye. Vijiji vile havikuwa hata na mtandao wa simu.

Baada ya hapo MONUSCO iliongeza wasaidizi wa kuunganisha walinda amani na raia, na vijiji vikapata simu na redio za kutoa alama ya hatari. Droni zilifuata miaka mitatu baadaye. Lakini fikirieni kidogo: hata kama droni ingekuwa juu ya Luvungi usiku ule, ingeona mapaa na miti. Msitu wa Walikale ni blanketi nene. Na mpiganaji aliyevaa nguo za raia, kwa macho ya juu, ni mkulima anayetoka shambani.

Sheka alikuwa mfanyabiashara wa madini kabla ya kuwa mkuu wa kundi. Hati ya kumkamata ilitolewa mwaka 2011, na mwaka huohuo aligombea ubunge Walikale bila mtu kumshika. Katika katuni za 1954 jambo hilo lisingeruhusiwa kuchapwa. Alijisalimisha mwezi Julai 2017. Kesi yake ilifunguliwa Goma mwezi Novemba 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha.

Nani alimfikisha hapo? Waathirika zaidi ya 100 walitoa ushuhuda. Watu wa vijijini, ambao wengi hawakuwahi kuingia mahakamani, walikumbuka siku, njia, sauti na sura. Waliogopa, na walisema. Chuma hakikusema neno hata moja.

Telekomande iko kwa nani leo?

Tangu wakati huo mashine za angani zimebadilika. Tarehe 17 Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulipigwa mabomu, ndege za kiraia zikaharibika. Jeshi la Kongo lilisema ni droni zilizotoka Rwanda. Vita ilipofika Masisi-centre tarehe 4 Januari 2025, na Walikale-centre tarehe 19 Machi mwaka huohuo, neno droni lilikuwa limeshazoeleka hata kwa mtoto wa miaka mitano. Droni ya 2013 ilikuwa inatazama. Ya leo inaweza kuua. Na mama aliye shambani akisikia mlio ule hana namna ya kujua ni nani aliyeshika telekomande, wala anamtafuta nani.

Ndiyo maana nasema historia hii ya katuni inatugusa. Wachoraji wa Marekani na Japani waliona mapema kwamba hatari haiko kwenye ukubwa wa chuma. Iko kwa mtu anayekiongoza, na kwa amri aliyokipa: kinamtafuta mwenye kosa, au kinatafuta ukoo fulani?

Kuna watu wanaoniambia kwamba siku moja mashine zitaleta usalama Masisi, zitawakamata majambazi wote, na sisi tutalala. Sipingi mashine. Simu iliyofika kijijini ni mashine, na redio hii ni mashine. Lakini ya Kinshasa ilihitaji polisi wa kuamka. Ya ziwa Kivu ilihitaji mwenye mashua. Na Luvungi ilihitaji mama aliyekubali kusimama mbele ya majaji.

Basi ombi langu kwenu, familia zilizohama na zilizorudi, ni dogo. Wekeni kumbukumbu. Tarehe, jina la kijiji, kilichotokea, walioona. Andikeni kama ni salama kuandika. Kama si salama, mwambieni mtu mmoja mnayemwamini akumbuke pamoja nanyi. Msisukumwe na mtu kusema kabla hamjawa tayari, wala msitaje majina ya waathirika hadharani. Kati ya uovu wa Luvungi na hukumu ya Goma ilipita miaka 10. Kesi ilisimama kwa sababu kumbukumbu zilikuwa bado hai.

Jana jioni watoto walikuwa wanacheza tena. Safari hii walikubaliana kijiti kipite mikononi mwa kila mmoja kwa zamu, na asiyempa mwenzake anatolewa nje. Hakuna aliyelia. Mama wa mwiko alibaki jikoni.