Eropleni Ndogo Iliyoongozwa kwa Simu ya Upepo



Jioni tukiufungua mtambo wa redio, twasikia sauti ya mtu aliye mbali sana, wala hatuoni uzi wowote unaotuunganisha naye. Jambo hili tumelizoea hata hatulistaajabii tena. Lakini zamani walikuwako watu waliojiuliza: Ikiwa mawimbi ya simu ya upepo yaweza kuchukua sauti, je, hayawezi kuchukua amri? Leo twataka kuwasimulia habari za watu hao.

Mwaka 1898, mjini New York, mtaalamu Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyogeuka huku na huku kwa kuamriwa kutoka mbali, bila uzi wala kamba. Watazamaji wakashangaa mno. Lakini mashua ina rafiki, nayo ni maji. Ikikosa amri, yaelea tu. Eropleni haina rafiki wa namna hiyo. Ikikosa amri, huanguka na kuvunjika. Kwa hiyo ilipita miaka karibu arobaini kabla watu wa kawaida, wakiunda vitu nyumbani mwao, hawajaiweza kazi hiyo ya angani.

Katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, nchi ya Marekani, walikuwako ndugu wawili mapacha, Walter Good na William Good. Walikuwa vijana wanafunzi wa chuo. Walter alikuwa fundi wa kuunda eropleni ndogo. William alipenda simu ya upepo, naye alijua kupeleka habari kwa mtambo wake mwenyewe. Mmoja alijua mti, wa pili alijua umeme. Wala hapana hata mmoja ambaye angaliweza kuimaliza kazi ile peke yake.

Waliunda eropleni yenye mabawa ya urefu wa futi 8 kutoka ncha hata ncha, wakaiita Guff. Huenda mtu akauliza, Mbona kubwa hivyo, nayo ni ya kuchezea? Jibu ni hili: mitambo ya redio ya siku zile ilikuwa na taa za kioo, nazo zilitaka betri nzito. Tena injini yenyewe ilitetemesha kila kitu, na cheche zake za kuwashia mafuta zaweza kuuchafua usikivu wa redio, kama vile radi inavyotukwaruzia redio zetu wakati wa mvua.

Sasa tueleze jinsi amri inavyofika. Mtu asimamaye chini hubonyeza kitufe, na mtambo wake hutoa mawimbi. Ndani ya eropleni, redio ndogo huyapokea, nayo huvuta kijichuma kwa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ni haba, haitoshi kugeuza usukani. Basi mafundi wakatumia hila nzuri. Walisokota ukanda wa mpira, wakauzuia kwa jino dogo, kama meno ya saa ya ukutani. Sumaku ikilivuta jino, mpira hupata nafasi ya kuzunguka kidogo, na mpira ndio unaogeuza usukani. Katika mitambo mingi ya namna hii, kubonyeza mara ya kwanza huenda kuume, na mara ya pili kushoto. Mwongozaji akisahau alipofikia, eropleni huenda upande asioutaka, nayo miti haimngoji akumbuke.

Eropleni yao iliruka mwaka 1937. Mwaka huohuo, katika mashindano ya taifa mjini Detroit, mshindi wa eropleni za simu ya upepo alikuwa mtu mwingine, Chester Lanzo. Wale mapacha hawakukata tamaa. Waliitengeneza Guff, wakarudi mwaka 1938, wakashinda. Mwaka 1960 eropleni hiyo ilitolewa kuwekwa katika nyumba ya makumbusho ya Smithsonian.

Hapo twakumbuka jambo la chuoni petu. Tuliwapa wanafunzi kazi ya kuunda eropleni zisizo na injini, kwa mabua ya mtama na karatasi. Ya kijana mmoja ilikwenda hatua tatu, ikachoma pua mchangani. Wenzake wakacheka, naye akataka kuitupa motoni. Tukamwambia aiweke juu ya ncha za vidole viwili, chini ya mabawa. Ikainamia pua. Akatia donge dogo la nta mkiani, akairusha tena, ikaenda hatua ishirini. Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile kijana huyo alipokosea hakuuliza, Nani amenicheka? Aliuliza, Uzito uko wapi?

Tumalize kwa habari ya mzee mmoja. Maynard Hill wa Marekani alitaka eropleni ndogo ivuke bahari ya Atlantiki. Macho yake yalikuwa yamefifia sana, na masikio pia; vidole vyake vilimsaidia kazi ambayo macho hayakuiweza. Eropleni zilizotangulia zilipotea baharini. Alikuwa na miaka 77 aliporusha nyingine kutoka Newfoundland, tarehe 9 Agosti, 2003. Ilikuwa ya mti mwepesi uitwao balsa, uzito wake pamoja na mafuta haukufika kilo 5, na mafuta yenyewe yalikuwa yale yatiwayo katika taa za pampu. Ilipokuwa katikati ya bahari hapakuwa na mtu wa kuibonyezea kitufe. Chombo ndani yake kilisikiliza ishara za mitambo izungukayo juu mbinguni, kikaishika njia. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilishuka Ireland, karibu na Clifden, mahali walikoshuka Alcock na Brown mwaka 1919, waliokuwa wa kwanza kuvuka bahari hiyo kwa eropleni bila kutua. Ilikuwa imekwenda kilometa 3,030 hivi.

Wasikilizaji, haba na haba hujaza kibaba. Kutoka ukanda wa mpira uliosokotwa mpaka kuvuka bahari ilipita miaka 66, na kila hatua ilikuwa na eropleni zilizovunjika. Nanyi wanafunzi, mtakapoona kazi yenu imechoma pua mchangani, msiitupe motoni. Iokoteni, mkaipime juu ya vidole viwili.

Kwaherini.