Masurufu ya Wabunge wa Kongo: Fundisho la 1960

Mbunge aliyetoka Albertville, mji uitwao leo Kalemie, alilazimika kuivuka nchi nzima ili afike Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Hapana shaka alistahili nauli na masurufu. Lililobishaniwa ni kiasi chake, na nani wa kukikadiria.

Mwaka 1960, Bunge la kwanza la Kongo huru lilijikadiria lenyewe: mshahara wa mbunge ulipandishwa hadi faranga 500,000. Patrice Lumumba alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga, kwa kuihofia bajeti. Askari wa Force Publique hawakuongezewa kitu. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens aliwaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla yake. Jioni hiyo maasi yalizuka Thysville. Chanzo hakikuwa mshahara pekee, kwani vyeo vyote vya juu vilishikwa na Wabelgiji. Hata hivyo, ulinganisho huo uliwachoma.

Katiba ya 2006, ibara ya 109, humpa mbunge malipo ya haki yanayomhifadhia uhuru na heshima, yakipangwa katika sheria ya bajeti. Lakini sheria hiyo hupitishwa na wabunge haohao. Basi mizani ingali mkononi mwa mpimiwa, na mwenye kulipa angali Kalemie.