Udongo, Saruji na Udongo Ulaya: Historia ya Maneno ya Ujenzi Usambara

Msomaji wa sarufi ya Kibantu apitaye Kifungilo, karibu na Lushoto, hawezi kuliacha jina la mahali hapo bila kulitazama. Umbo lake lahifadhi ile l ambayo Kiswahili kimeiangusha. Kwetu ni kifungio. Lakini nia yangu hapa si majina ya mahali, ni nyumba. Wabunifu majengo wa siku hizi wameurudia udongo ambao baba zao waliukimbia: huko Gashora, nchini Rwanda, chuo cha kilimo kilichobuniwa na MASS Design Group kimejengwa kwa kiasi kikubwa kwa udongo, nayo kazi ya namna hiyo yaitwa ujenzi endelevu. Neno endelevu ni jipya. Udongo si mpya, na yafaa tuulize ni kwa njia gani lugha yetu iliushusha cheo.

Burton alipofika Vuga, mji wa wafalme Wakilindi, mwaka 1857, alikuta nyumba za msonge. Katika nchi hii, ambako Lushoto iko juu kiasi cha mita 1,400 na baridi ya Juni na Julai huuma kwelikweli, msonge ulikuwa na akili yake: paa nene lilihifadhi joto la ndani, na moshi wa mafiga uliwafukuza wadudu katika miti na nyasi. Msonge hauna dirisha. Na neno dirisha lenyewe lilitujia kutoka Kiajemi. Maneno ya ufundi wa miti na udongo, wa milimani na wa pwani vilevile, yaani kujenga, kuezeka, kukandika, fito, kiambaza, upenu, hata mtambaapanya (ule mti wa juu ya ukuta, ambao aliyeupa jina alijua nani hupita hapo usiku), ni ya Kibantu.

Ujenzi wa mawe wa pwani ulileta msamiati mwingine. Sakafu ni Kiarabu saqf, ambako maana yake ni paa au dari. Katika nyumba ya ghorofa, dari ya chini ndiyo pa kukanyagia juu, basi neno likateremka mpaka miguuni. Saruji ni Kiajemi. Nako Oman jina hilo ni la lipu ngumu iliyotengenezwa kwa udongo uliochomwa, iliyozuia maji katika mifereji na mabirika. Jambo hili lachekesha kidogo: saruji, tunayoitaja leo kwa kuudharau udongo, ilikuwa udongo.

Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilirahisisha bati na saruji kufika chini ya milima, na watu wakaiita saruji udongo ulaya. Jina hili lastahili kupimwa. Liliviweka vitu viwili katika jamii moja, kisha likakipa kimojawapo heshima ya kutoka ng'ambo. Mwalimu Nyerere, alipoitathmini mwaka 1977 miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu hawajengi kwa matofali ya kuchoma na vigae, bali hungoja bati na udongo ulaya. Yeye alilaumu fikira. Mimi naona lugha nayo ilishiriki, kwa maana mtu asemaye "nyumba ya kudumu" akikusudia saruji tu amekwisha kukata shauri kabla ya kununua msumari.

Serikali ilikuwa imeunda kitengo cha utafiti wa ujenzi mwaka 1971, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa. Wakala huo umeeneza matofali ya udongo yenye saruji kidogo, yashindiliwayo kwa mashine bila kuchomwa. Faida yake Usambara ni dhahiri: tanuri hula kuni, na misitu ile haina kuni za kupoteza. Tena viwanda vya saruji vya dunia hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Yaitwa matofali ya kufungamana. Hapo lugha imefanya vema: mzizi ni ule ule wa Kifungilo, na fundi hahitaji kufafanuliwa.

Siwezi kusema hivyo juu ya istilahi nyingine. Bodi ya usajili yasema mbunifu majengo. Wengine husema msanifu, kutoka neno lile lililotupa Kiswahili sanifu, na kwa masikio yangu msanifu ni bora. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba michoro huandikwa kwa Kiingereza, na sehemu za ukuta wa udongo hutafutiwa majina mapya ilhali majina yake yamo vinywani mwa wazee wa Kishambaa. Tumekusanya methali na ngano kwa bidii. Viambaza hatukuvikusanya hivyo. Kazi yaweza kuanzia Kifungilo na vijiji jirani, kwa daftari na fundi mmoja aliyewahi kufunga fito, akiulizwa jina la kila mti na la kila fundo.